Bwawa letu la mapumziko, chini ya tuta hapakauki na masika yanakuja: naanzia wapi?

Mama_Mnazini

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa wenye ujuzi wa mambo ya maji.

Mimi ni katibu wa kikundi kimoja huku Muheza, Tanga. Tunasimamia bwawa la udongo la enzi za mkoloni, lilijengwa kwa ajili ya shamba la mkonge. Mkonge ulishakwisha, bwawa likabaki, na sasa ni sehemu ya mapumziko. Wikiendi watu wanakuja kuvua sato, kupanda mitumbwi, kuchoma nyama, maharusi wanapiga picha. Kipato hicho ndicho kinalipa walinzi na kimesaidia madawati ya shule.

Tuta lina kama mita 6 kwenda juu. Chini yake, karibu na linapotokea bomba la kutolea maji, kuna mahali hapakauki. Kiangazi hiki majani yote yameungua na jua, lakini pale matete yamesimama kijani kibichi na ukikanyaga kiatu kinazama. Juu ya tuta kuna mikaratusi mikubwa, mkuyu, na mashimo ya kenge. Katikati pamebonyea, maana ng'ombe na bodaboda wanapita hapo. Valvu ya bomba imeganda kwa kutu. Kwenye utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada bwawa likijaa, kuna wavu wa chuma wa kuzuia sato wasitoroke, na magogo yameshaanza kujazana hapo.

Kamati imegawanyika. Mwenyekiti anasema tuta limesimama miaka yote hii, tusitie watu hofu. Wengine wanataka tuongeze udongo juu ili maji yapande na mitumbwi ipate kina. Fundi mmoja katupa bei ya kupiga zege pale panapolowa. Bondeni kuna nyumba za watu na shule ya msingi, na wanangu wanasoma hapo. Nianze na lipi?

Kipara_Pongwe

Dada, hakuna bwawa la udongo lisilovuja. Kateni hiyo miti, ng'oeni na visiki, mambo yameisha. Msimpe mtu hela ya bure.

FundiSanifu_Mstaafu

Kipara, la kuvuja umesema kweli, la kung'oa visiki nakuomba ulifute kabla halijaleta maafa. Mti mkubwa mizizi yake imeingia ndani ya tuta. Ukiung'oa bwawa likiwa limejaa, unaacha shimo tutani. Ukiukata tu ukauacha, mizizi inaoza na kubaki mifereji ambayo maji yataifuata. Vichaka na miche midogo fyekeni leo. Mikaratusi na mkuyu ni kazi ya baadaye: maji yakiwa yameshuka, mhandisi akiwepo, mashimo yanajazwa udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa tabaka kwa tabaka.

Mama_Mnazini, zege usilikubali kabisa. Maji yanayopita ndani ya tuta lazima yapate pa kutokea. Ukiyazibia pale, yanarudi kulowesha tuta lote au yanatafuta njia nyingine usiyoiona. Panapotoka maji panawekwa chujio: mchanga safi kwanza, juu yake kokoto, kisha mawe ya kukandamiza. Maji yatoke, udongo ubaki. Hata hilo liwe kwa maelekezo ya mhandisi, maana mchanga usiolingana na udongo wa tuta hauzuii kitu.

Kinachoniogofya zaidi ni hilo bomba. Udongo unaozunguka bomba ni mgumu kushindilia, na bomba la chuma la miaka hiyo huenda limetoboka kwa ndani. Maji yakipata upenyo pembeni yake yanaanza kubeba udongo kidogo kidogo, kuanzia mwisho wa chini kurudi nyuma kuelekea bwawani. Juu huoni kitu mpaka siku tuta linapobomoka.

Kesho asubuhi chimba kijifereji, kusanya maji hayo kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Angalia kama kuna udongo chini. Kisha kinga ndoo ya lita 20, andika inachukua muda gani kujaa na maji ya bwawa yako usawa gani. Rudia kila siku na uandike daftarini.

Mwana_wa_Nakuru

Dada, pole na hongera kwa kuuliza mapema. Mimi niko Nakuru. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katikati ya mvua za masika, bwawa la udongo la shamba lilipasuka huko Solai. Zaidi ya watu 40 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Nilipita huko baadaye, mahali palipokuwa na nyumba palikuwa na matope na mawe matupu. Watu hawakupata muda wa kukimbia. Mwambie mwenyekiti wako aje aongee na walionusurika, halafu arudie hayo maneno ya kutotia watu hofu.

Binti_Ramani

Huo wavu wa samaki na huko kubonyea juu ya tuta vimenikumbusha bwawa la South Fork, Pennsylvania, Marekani. Lilikuwa bwawa la udongo lililokuwa la mfereji wa zamani, likanunuliwa na klabu ya matajiri wa Pittsburgh wa kuvua na kuwinda. Mabomba ya kupunguza maji yalishaondolewa na hayakurudishwa. Juu ya tuta palishushwa ili magari ya farasi yapite. Kwenye utoro wakaweka vizuizi samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ikanyesha, takataka zikaziba vile vizuizi, maji yakapita juu ya tuta na kulibomoa. Mji wa Johnstown ulikuwa bondeni. Walikufa watu zaidi ya 2,200.

Dada, hivyo vyote mnavyo. Wavu utoke leo, msisubiri kikao. Na wanaotaka kupandisha maji muwakatalie: tuta la udongo halistahimili maji kupita juu yake.

Mama_Mnazini

Asanteni sana wote. Wavu tumeutoa na vijana wakasafisha utoro. Chupa ya kwanza maji yalikuwa maangavu. Ya leo ina ukungu, na asubuhi kuna udongo laini umekaa chini, unene wa ukucha. Ndoo inajaa haraka kuliko jana ingawa maji bwawani hayajapanda. Nimepata baridi mwilini.

FundiSanifu_Mstaafu

Hiyo si ya kusubiri. Kesho nenda na daftari lako Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, bwawa lenu liko chini yao. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inagusa usalama wa mabwawa, na mwenye bwawa ndiye mwenye wajibu wa kulitunza. Omba waje wenyewe, na wawape orodha ya wahandisi walioidhinishwa kwa mabwawa. Leo hii mjulishe mtendaji wa kijiji na mwalimu mkuu. Muwekeane ishara, filimbi au kengele ya shule, na watu wajue wakimbilie mlima upi. Simu ya zimamoto ni 114.

Maji myashushe. Valvu msiilazimishe, ikikatikia wazi mtashindwa kuifunga. Tumieni mpira mkubwa uliojazwa maji, upitishwe juu ya tuta, maji yajivute yenyewe, na mdomo wake utokee mbali na miguu ya tuta. Sentimita 30 kwa siku zinatosha, labda mhandisi aseme vingine. Mkiyashusha kwa pupa, upande wa ndani unaporomoka. Ila mkiona maji yanatoka na tope zito au kuna shimo juu ya tuta, acheni kila kitu, toeni watu bondeni.

Kipara_Pongwe

Nimekuelewa mzee wangu, la visiki nimelifuta. Dada, mpira wa inchi nne ninao, pamoja na pampu ya kuanzishia. Nipo Pongwe, nitakuja nao kesho alfajiri.

Mama_Mnazini

Mungu akubariki kaka, njoo. Mitumbwi tumeshaifunga na geti limewekwa kamba. Mwenyekiti kaiona chupa, yeye ndiye kaenda kwa mwalimu mkuu. Wanachama wanauliza sato itakuwaje maji yakishuka.

FundiSanifu_Mstaafu

Acheni maji kwenye kina cha katikati, wengi watabaki hapo. Watakaozidi wavueni muuze, hela hiyo mwanzie nayo kumlipa mhandisi.