Barua imetaja Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa shamba la Pemba. Sheria zetu nizisome wapi?

MwanaKangagani
Assalamu alaykum wanajamvi. Shamba letu liko Kangagani, ni la eka tatu, babu alipewa mwaka 1968 na hati tunayo. Baba amefariki mwaka jana, sasa sisi watoto sita ndio tunaolishughulikia na kuchuma karafuu. Wiki iliyopita jirani katuletea barua aliyoandikiwa na mtu wa mjini. Inasema mikarafuu kumi na moja ya upande wa kusini imo kwenye ardhi ya huyo jirani, na imetaja "Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, Sura ya 113".

Nimeitafuta kwenye simu nikaipata, Kiingereza kitupu. Nimekesha nayo siku mbili na kamusi. Sikuona eka tatu popote, wala jambo lolote linalofanana na hali yetu. Mdogo wangu keshakata tamaa, anasema tumuachie.

Kesi sijauliza. Ninachotaka ni kuiona sheria kwa macho yangu kabla ya kwenda kwa sheha Jumatatu. Kuna pahala hapa Pemba mtu wa kawaida anaweza kuzisoma sheria bila ya kulipa wakili?

Mwanafunzi_Tunguu
Kaka, hiyo ni sheria ya Bara. Ardhi si jambo la Muungano, Zanzibar tuna sheria zetu. Ingia ZanzibarLII, tovuti ya sheria na hukumu za Zanzibar, utafute Land Tenure Act ya 1992. Andika kwa Kiingereza, ukiandika kwa Kiswahili utapata kidogo sana.

BiWaMaktaba
Wa alaykumu salaam mwanangu, na pole kwa kufiwa na mzee. Huyo kijana wa Tunguu kakwambia kweli. Mimi nitakueleza namna ya kutafuta, maana nimekaa miaka ishirini na mbili kwenye maktaba ndogo ya sheria hapa Unguja kabla ya kustaafu, na barua kama yako nimeziona nyingi.

Mtu akinijia, kitabu simpi kwanza. Namuuliza namba na mwaka. Jina usilitegemee: hiyo ya 1992 mmoja ataiita Sheria ya Matumizi ya Ardhi, mwengine Sheria ya Umilikaji wa Ardhi, lakini Namba 12 ya 1992 ni hiyo hiyo popote utakapokwenda. Mahakama ya Ardhi nayo imeanzishwa kwa Namba 7 ya 1994. Ziandike hizo kwenye daftari.

Ukipata nakala iliyopigwa skani, usikimbilie vifungu, tazama mwanzo wake. Sheria ya kwetu imetungwa na Baraza la Wawakilishi na hutiwa saini na Rais wa Zanzibar na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi. Mwaka 1992 alikuwa Dk. Salmin Amour. Ukiona karatasi haina saini huenda ni mswada, na mswada unaweza kubadilishwa sana kabla ya kupita. Kisha rudi kwenye ile ya 1999 usome mwanzo wake: imeandikwa wazi kuwa inatumika Tanzania Bara.

Sasa lipo jambo ambalo watu wengi hawaambiwi, nalo ni marekebisho. Mara nyingine kifungu chako kimebadilishwa ndani ya sheria isiyokuwa na neno "ardhi" kwenye jina lake. Huitwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbali Mbali, inagusa sheria nyingi kwa mpigo, na chako ni mistari mitatu baina ya hizo. Zamani Gazeti Rasmi, lile la serikali linalochapisha sheria, likija tukikata vipande vya karatasi na kuvibandika kwa gundi pembeni ya kifungu kilichobadilika. Kitabu kikitumika sana kinafura kama mkate wa mofa.

Mwaka mmoja kipande kimoja sikukibandika. Akaja mzee kutoka Mkoani, kasafiri na meli ya usiku, nikamtolea fotokopi akaenda nayo mahakamani. Wa upande wa pili wakasimama na kifungu kipya. Alirudi kwangu adhuhuri. Hakunigombeza. Aliiweka ile karatasi mezani, akaweka kidole kwenye mstari, akaniangalia. Ulikuwa mstari wa muda wa kukata rufaa. Kile kidole bado nakiona, kucha yake nyeusi kwa utomvu wa ndizi. Tangu siku hiyo sikumpa mtu nakala bila ya kuandika juu yake kwa penseli: imetazamwa hadi Gazeti la tarehe fulani. Nawe ukiisoma Namba 12 ya 1992, tafuta na marekebisho yake. Hiyo ya Mahakama ya Ardhi nayo ilirekebishwa mwaka 2008.

Kuhusu eka tatu: ugawaji wa ardhi baada ya Mapinduzi ulikuwa kwa dikrii, yaani amri yenye nguvu ya sheria, ya 1966. Haimo kwenye zile juzuu za Sheria za Zanzibar za 1959 ambazo watu wanazitaja kwa Sura, kama Sura ya 8 ya mwenendo wa madai au Sura ya 149 ya mikataba. Hiyo itakubidi uitafute kwenye magazeti rasmi ya miaka ile, na Nyaraka za Taifa Kilimani wanayahifadhi. Lakini hilo si la Jumatatu.

Kwa Pemba nenda Chake Chake, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar wana afisi huko. Ndicho alichokiasisi marehemu Profesa Haroub Othman mwaka 1992, khasa kwa watu wasiokuwa na uwezo wa wakili. Waambie unataka kuisoma sheria, uwape namba na mwaka. Usimlipe mtu wa njiani anayeuza fotokopi za sheria, mambo hayo yapo bure.

Mwanafunzi_Tunguu
Naongeza moja. Kesi za ardhi za Zanzibar zilizofika Mahakama ya Rufani ya Tanzania zimo pia TanzLII, tovuti kama hiyo ya Tanzania. Zilizosikilizwa Unguja juu yake pameandikwa "at Zanzibar", kwa hiyo tafuta kwa maneno hayo pamoja na jina la sheria. Katika hukumu jaji anakieleza kifungu kwa mfano wa watu na mipaka yao, mimi huanza huko halafu ndio narudi kwenye sheria.

MwanaKangagani
Bi, Allah akulipe kheri. Nimerudi kwenye ile ya 1999 sasa hivi. Imeandikwa Tanzania Bara, kweli, mwanzoni kabisa. Usiku mbili nimeupita mstari huo nikatafuta karafuu. Nimemsomea mdogo wangu, amekaa kimya kisha akaniuliza kesho gari ya Chake inaondoka saa ngapi.

Swali moja tu. Hati ya babu ina muhuri ulioanza kufutika na imekatika kwenye mkunjo. Niende nayo?

BiWaMaktaba
Hati yenyewe iache nyumbani mwanangu, kwenye sanduku, na usiibandike selotepu, inakula wino. Ipige picha mchana nje kwenye kivuli, mbele na nyuma, kisha toa nakala mbili. Moja ya Chake Chake, moja ya sheha. Na ile barua ya jirani ibebe nzima na bahasha yake. Ukiipata Namba 12, niandikie hapa nakala uliyopewa imefika marekebisho ya mwaka gani.