Tupeane uzoefu: bustani ya mboga kwenye kiwanja kipya, tunaanzia wapi?

Jembe Butu (Dar)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaotaka kuanzisha bustani ya mboga nyumbani, hasa waliohamia juzi na uwanja bado umejaa vipande vya tofali. Kila vuli ikikaribia swali hili linaulizwa, na kila mara jibu ni "weka samadi, mwagilia". Samadi kiasi gani? Maji kiasi gani? Anayejua aweke vipimo, aseme na kinachoharibika na sababu yake. Picha za mavuno zina uzi wake.

Naanza na maji kwa sababu ndiyo yanayoamua ukubwa wa bustani, si eneo ulilonalo. Kiangazi cha Pwani, tuta la mboga za majani linakunywa kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Mita 12 za mraba ni lita 60, ndoo kubwa tatu kila siku. Kwa mwezi ni lita 1,800, karibu uniti mbili za bomba. Anayenunua maji kwa dumu aanze na mita 4 tu. Mita 4 zinazonyweshwa ipasavyo zitampa mboga kuliko 20 zinazorushiwa maji juu juu.

Jua nalo. Nyanya, hoho na bamia zinataka saa 6 za jua kamili au zaidi. Mboga za majani zinaridhika na saa 4, na kivuli cha saa nane mchana kinazifaa. Tatizo ni kwamba watu wanapima jua Desemba halafu wanapanda Juni. Kwa Dar, adhuhuri ya Juni jua limeegemea kaskazini, na ukuta wa mita 2 unalaza kivuli cha zaidi ya mita moja upande wake wa kusini. Ukiweka tuta la nyanya hapo, miche itarefuka tu kulitafuta jua.

Upana wa tuta ni mita 1 hadi 1.2, njia sentimita 40. Kipimo hicho kinatokana na urefu wa mkono: ufike katikati ukiwa umesimama njiani. Ukikanyaga tuta, udongo unashindiliwa na mizizi inakosa hewa.

Kipimo Kwanza (Morogoro)

Umeanza vizuri mkuu, ila kwenye kiwanja kipya adui wa kwanza ni fundi. Pale alipokorogea zege na kuoshea ndoo, udongo umeingia saruji na chokaa. Kabla ya yote, chota udongo mkavu sehemu tano tofauti, kila sehemu umwagie kijiko cha siki. Ukitoa mapovu, pana chokaa. Dalili yake kwenye mmea ni majani machanga kuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Madini ya chuma yamo, ila mizizi haiwezi kuyachukua, kwa hiyo hata ukiongeza mbolea hali inabaki ileile. Dawa ni kuchimba sentimita 30, kutoa ule udongo na kuleta mwingine.

Kipimo cha pili ni cha chupa ya lita 1.5. Theluthi moja udongo usio na mawe, maji mpaka karibu na shingo, nusu kijiko cha sabuni ya unga, kisha tikisa dakika tatu na uiache mahali isipoguswa. Mchanga unakaa chini ndani ya dakika moja au mbili. Tope laini linafuata kwa saa mbili hivi. Mfinyanzi unachukua siku nzima au zaidi. Chora mstari kwa kalamu kila tabaka linapotulia.

Mchanga ukizidi robo tatu, usiinue tuta. Lizamishe sentimita 10 chini ya njia, maji yabaki pale ulipoyamwaga. Mfinyanzi ukifika nusu, inua tuta sentimita 20 na usiguse jembe udongo ukiwa umelowa. Halafu msidanganywe na ule ushauri wa kutia mchanga kidogo kwenye mfinyanzi. Ukikauka unakuwa tofali. Kinacholegeza mfinyanzi ni samadi na mboji.

Samadi ya ng'ombe: ndoo moja ya lita 20 kwa mita ya mraba, ndoo mbili kama ni mchanga. Ichanganye na sentimita 20 za juu, wiki mbili kabla ya kupanda. Iliyoiva haina joto ukiingiza mkono na haikuchomi pua. Ya kuku ni kali: ndoo ya lita 10 inatosha mita 4 za mraba, nayo iwe imerundikwa na kugeuzwa kwa wiki sita walau. Ile ya kuku wa nyama iliyojaa randa ndiyo inayowachanganya wengi, mboga zinakuwa njano na mtu anaapa ametia mbolea. Randa inapooza inakula naitrojeni iliyomo kwenye udongo.

Ndago (yale magugu yanayochipua kwenye punje za chini) zikiwepo, weka jembe pembeni. Ukilikatakata shina unaziacha zile punje za chini zikiwa salama, kila punje inachipua. Tumia uma wa kulimia, inua bonge zima, chambua kwa mkono. Zinazorudi ng'oa kila wiki mbili, kabla hazijatengeneza punje mpya. Kufunika nailoni hakusaidii, ncha yake inatoboa.

Maweni (Unguja)

Nyongeza ndogo kwa Kipimo Kwanza. Huku kwenye ardhi ya mawe, udongo unatoa mapovu ya siki hata pasipokuwa na saruji, kwa sababu mwamba wenyewe ni chokaa. Ukichimba utoe, chini yake utakuta chokaa zaidi. Kwetu njia ni kupanda juu ya ardhi, kwenye viroba.

Chukua kiroba cha kilo 50, kunja mdomo nje. Changanya udongo ndoo 3, samadi iliyoiva ndoo 2, mchanga ndoo 1. Simamisha katikati kopo lisilo na kitako wala kifuniko, lijaze kokoto, uzungushie udongo, kisha livute juu na kuendelea hivyo mpaka karibu na mdomo. Maji unayamwaga kwenye ile nguzo ya kokoto. Bila nguzo, robo ya juu inalowa na chini panabaki pakavu, miche ya ubavuni inakufa. Toboa matundu ubavuni kwa umbali wa sentimita 20, yapishane, upande sukuma wiki au spinachi. Juu weka mimea mitatu tu. Viroba vya plastiki vinachakaa kwa jua, basi viweke mahali ambapo hutalazimika kuvihamisha.

Mgeni Jijini

Samahani wakuu, kiwanja kipo Kigamboni, kisima kina chumvi. Nipande nini?

Jembe Butu (Dar)

Mkuu, ulimi si kipimo. Tafuta kipimo cha EC, yaani cha chumvi ya maji, kile kidogo kinachotumbukizwa kwenye maji. Chini ya 0.7 (desisimensi kwa mita), panda upendacho. Kati ya 0.7 na 3, chagua mazao. Zaidi ya 3, kusanya ya mvua au changanya na ya bomba.

Maharage, karoti na vitunguu ndivyo vinavyolia mapema. Spinachi ile ya bua nene ni ndugu wa biti na inavumilia sana. Kosa linalowamaliza watu wa visima ni kumwagia kidogo kila jioni juu ya majani. Maji yanakauka, chumvi inabaki palepale, kingo za majani zinaungua. Mwagilia mengi kwa mara moja, chini kwenye udongo, asubuhi, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Weka matandazo ya nyasi kavu sentimita 5. Samadi ya kuku iache, nayo ina chumvi yake. Masika ikija tuta likae wazi lioshwe.

Mchicha Pori (Arusha)

Nije kwenye mbegu. Bustani mpya isianze na nyanya wala hoho. Anza na mchicha, chainizi na matembele, ndani ya wiki sita utajua kama udongo wako unafanya kazi.

Mchicha: mbegu gramu 2 kwa mita ya mraba, nazo ni ndogo mno kwa mkono, basi changanya na kikombe cha mchanga mkavu ndipo unyunyize. Mistari iachane sentimita 20, kina nusu sentimita. Ukifukia zaidi ya sentimita 1 nyingi hazitoki. Mbegu isipoota siku ya saba, usimlaumu muuzaji kabla hujaangalia njia ya sisimizi, maana huwa wanabeba mbegu usiku kucha. Majivu makavu pembezoni mwa tuta yanawachelewesha, yakilowa yarudie. Wiki ya nne ng'oa iliyobanana. Iliyobaki ikate sentimita 10 kutoka chini, itachipua.

Matembele hayana mbegu ya kununua. Kata kipando cha sentimita 30 kutoka nchani, ondoa majani ya chini, laza theluthi mbili ndani ya udongo, nafasi sentimita 30. Chukua kwenye shamba lisilo na majani yaliyojikunja au yenye mabaka, kwa sababu virusi vinasafiri na kipando.

Chainizi na sukuma zinapita kitaluni. Chainizi wiki tatu, sukuma wiki nne. Miche ikianza kukatika kwenye shina usawa wa udongo, hicho ni kinyausi. Mbegu zimebanana, maji ya jioni, kivuli kimekaa muda mrefu. Punguza miche, mwagilia asubuhi tu, toa nyasi ulizofunikia kitalu mara mbegu zinapochomoza. Wiki ya mwisho punguza maji ili miche ikomae, halafu hamisha jioni. Chainizi sentimita 30 kwa 30, sukuma 45 kwa 45. Kesho yake ukikuta mche umelala kama uliokatwa kwa mkasi, fukua udongo karibu na shina utamkuta kiwavi aitwaye sota amejikunja. Zungushia kila mche karatasi ngumu, sentimita 3 ndani ya udongo na 3 nje.

Pakiti iwe na lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu) na tarehe ya kuisha. Na mbegu za chotara usizitunze kwa msimu ujao, watoto wake hawafanani na mama.

Shamba Dogo (Mbeya)

Kuhusu mbolea ya dukani, wapo watakaopinga, lakini mboga za majani zinazokatwa kila wiki zinahitaji nyongeza. Urea gramu 10 kwa mita ya mraba, ambazo ni kama vizibo viwili vya soda vilivyosawazishwa. Chora mfereji sentimita 8 kutoka kwenye mashina, tia, fukia, mwagilia. Ukiiacha juu inapotea hewani, ikigusa majani yanaungua. Nyanya usizipe hivyo, utapata kichaka kisicho na matunda.

Kipimo Kwanza (Morogoro)

Napinga kwa sehemu. Mwaka wa kwanza ukiwa umetia ndoo mbili za samadi, urea ya nini? Subiri majani ya chini yapauke ndipo uongeze.

Tanya Nyekundu (Dar)

Wanaolazimisha nyanya, sikilizeni kalenda. Joto la usiku likizidi nyuzi 24 hivi, maua yanadondoka, na Januari mpaka Machi usiku wa Dar uko hapo. Sia katikati ya Aprili chini ya paa la nailoni kwa sababu ya masika, hamisha katikati ya Mei, zichanue Juni. Nafasi sentimita 60, vijiti vya kuegemezea vya urefu wa mita 1.5, visimikwe siku ya kuhamisha maana baadaye utatoboa mizizi. Ng'oa machipukizi ya kwapani kama aina yako ni ya kurefuka. Aina ya Tanya ni fupi, ikipogolewa inapunguza matunda.

Kitako cha tunda kikiwa cheusi na kimebonyea, wengi wanakimbilia dawa ya ukungu. Hapo mmea umekosa kalsiamu kwenye tunda kwa sababu maji yanakuja na kukatika. Mwagilia kwa ratiba, weka matandazo.

Mche mzima kunyauka mchana ukiwa bado kijani: kata shina karibu na ardhi, lining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe unashuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa. Ng'oa na udongo wake, na hapo kwa miaka mitatu au zaidi pasipandwe nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, mnavu wala viazi mviringo, wote ni ukoo mmoja. Uzi usipotoka, angalia mizizi. Vifundo vikiwepo ni minyoo fundo. Lowesha tuta, lifunike nailoni angavu iliyobana kwa wiki sita za jua kali.

Kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, yuko nchini tangu 2014 na hatoki. Kiwavi anaishi ndani ya jani, ndiyo maana dawa ya kugusa haimfikii. Bustani ya nyumbani ina faida moja, mimea inahesabika: kila asubuhi chuma majani yenye mabaka meupe, yafunge kwenye nailoni, yaache juani. Kwenye mboji usitupe.

Mgeni Jijini

Asanteni. Na juu ya karo la choo nipande nini? Ndipo penye nafasi.

Maweni (Unguja)

Mboga usipande hapo, sembuse za kula mbichi. Miti nayo isogee mita 5, mizizi inatafuta nyufa. Pale yanapotokea maji ya kuoga panda mgomba, unapenda unyevu. Papai kinyume chake: maji yakituama siku mbili mizizi inaoza. Shimo sentimita 60 kila upande, ndoo mbili za samadi, miche mitatu kwa shimo. Ikichanua, dume utalitambua kwa maua madogo mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Acha mche mmoja wa kuzaa kila shimo, madume ng'oa yote isipokuwa moja uwanjani.