Madarasa ya 2021 yameanza kupasuka: tuusimamieje ujenzi ujao na matengenezo yake?

Mjumbe wa Bodi, Simiyu

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule ya sekondari ya kata mkoani Simiyu, na ninaomba ushauri wa wale wanaoijua kazi ya ujenzi kuliko mimi.

Mwishoni mwa mwaka 2021 shule yetu ilipata mgawo wa fedha za UVIKO-19, ule mpango uliojenga madarasa 15,000 nchini, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi (zile shule ndogo zilizo chini ya shule mama), kwa shilingi milioni 20 kila chumba. Sisi tulijenga vyumba vinne kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe kununua vifaa na kumlipa fundi pasipo mkandarasi: kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi ziliundwa, tukampata fundi wa hapa hapa, wananchi wakasomba mchanga na maji. Kazi ilikwenda mbio kwa sababu wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walikuwa wanaingia Januari 2022, na kwa kweli waliingia na kukaa kwenye viti. Siku ile tulifurahi sana, na sitaki mtu adhani kwamba ninabeza kazi ile.

Lakini vyumba viwili kati ya hivyo vina nyufa zinazoanzia kwenye kona za madirisha na kupanda kwa mshazari hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Sakafu imebanduka karibu na mlango, na upepo wa mwaka jana ulinyanyua bati tatu. Ardhi yetu ni ule udongo mweusi wa mbuga. Sasa tumeambiwa kwamba tutaletewa fedha za madarasa mengine matatu na matundu ya vyoo, nami sina usingizi. Ninauliza mambo mawili. Safari hii tusimamie nini, na kwa mpangilio gani, ili tusirudie yale yale? Na haya majengo tuliyo nayo, pamoja na yatakayokuja, tuyatunze vipi ikiwa hakuna fungu la matengenezo tunaloliona?

Mhandisi wa Majengo

Ndugu Mjumbe, ahsante kwa kueleza kwa undani, maana maelezo yako karibu yanatosha kutambua ugonjwa. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha mara nyingi hautokani na ukuta wenyewe. Chanzo chake ni msingi unaocheza. Udongo wa mbuga huvimba unapolowa na husinyaa unapokauka, nawe umeziona zile nyufa za ardhini wakati wa kiangazi ambazo mtu anaweza kuingiza mkono. Jengo lililokalia udongo huo kwa msingi mfupi hunyanyuliwa upande mmoja wakati wa mvua na kushushwa wakati wa jua, na mahali pa kwanza kusalimu amri ni penye uwazi, yaani dirishani na mlangoni.

Kwa hiyo jambo la kwanza la usimamizi hutangulia hata ununuzi wa mfuko mmoja wa saruji. Chimbeni mashimo mawili au matatu mahali jengo litakaposimama, muone tabaka la mbuga lina kina gani. Likiwa fupi, msingi ulipite na ukae kwenye ardhi ngumu. Likiwa refu, mhandisi wa halmashauri lazima abadilishe mchoro wa msingi, pengine kwa kuweka mkanda wa zege lenye nondo chini ya kuta zote, na mabadiliko hayo yaingie kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi, vifaa na gharama zake, kabla haijapitishwa. Michoro ya madarasa inayotumwa kutoka juu ni mizuri, lakini ilichorwa kwa nchi nzima. Haikuchorwa kwa kiwanja chenu, na gharama ya msingi wa Simiyu haiwezi kulingana na ya mahali penye mwamba. Hapa ndipo kamati nyingi huona haya kusema kwamba fedha haitoshi kwa vyumba vitatu. Bora mjenge viwili vinavyosimama. Udongo mnaouchimba msiurudishe ndani ya msingi kama kifusi. Jazeni changarawe, na mshindilie kwa tabaka nyembamba.

Jambo la pili ni kazi zinazofunikwa. Katika ujenzi kuna vitu ambavyo vikishafunikwa hakuna atakayeviona tena: kina cha msingi, nondo, unene wa jamvi (zege la sakafu), ufungaji wa kenchi (fremu za mbao za paa) kwenye lenta. Andikeni katika mkataba wa fundi kwamba hakuna kufunika chochote kati ya hivi mpaka mhandisi au msaidizi wake akague na kusaini. Ninafahamu kwamba mhandisi mmoja wa halmashauri anaweza kuwa na maeneo mengi ya kazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo msimwite ghafla. Mpeni tarehe wiki moja kabla, na picha zenye futi ya kupimia zipigwe kila hatua zihifadhiwe shuleni.

Jambo la tatu ni zege. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35. Tengenezeni boksi la mbao lenye urefu wa sentimita 40, upana wa 35 na kimo cha 25 kwa ndani, nalo litabeba lita 35 sawasawa. Zege la moja kwa mbili kwa nne litakuwa mfuko mmoja, maboksi mawili ya mchanga na manne ya kokoto. Toroli lililojazwa kwa kilima si kipimo, na wala maji yasimwagwe kwa kukisia ili koleo liteleze, kwa sababu kila ndoo ya ziada hupunguza nguvu ya zege. Likishakauka juu, limwagiliwe na kufunikwa kwa siku zisizopungua saba. Ninashuku kwamba sakafu yenu iliyobanduka ilinyimwa maji siku zile za haraka za Desemba.

Mkandarasi wa Daraja la Saba

Ninamheshimu Mhandisi, ila ninaona tunalizunguka tatizo. Fosi akaunti imepunguza gharama, hilo silipingi, lakini sehemu kubwa ya kinachopunguzwa ni usimamizi. Ukimpa kazi mkandarasi aliyesajiliwa, kuna mtu mmoja anayewajibika, kuna fedha ya dhamana inayozuiliwa, na kuna kipindi cha matazamio ambacho ndani yake ninarudi kurekebisha kasoro kwa gharama yangu. Kwa fundi wa kijijini, mkishamlipa fedha ya mwisho ameondoka, na ufa unapotokea mwaka unaofuata unakuwa wenu. Kamati ya ujenzi ina mkulima, mwalimu na mfanyabiashara wa nafaka; ni watu waaminifu, lakini tunawadai waione kasoro ya nondo ambayo hata mimi niliichukua miaka kuijua.

Mkadiriaji Majenzi

Ndugu Mkandarasi ana haki katika suala la dhamana, lakini dawa yake inapatikana pia ndani ya fosi akaunti. Mkataba wa nguvu kazi na fundi unaweza kueleza malipo kwa hatua, msingi, boma (kuta), kupaua na umaliziaji, na ukaeleza kwamba asilimia kumi ya kila hatua itabaki mpaka jengo lipite msimu mmoja wa mvua. Nimewaona mafundi wakikubali sharti hilo pasipo ugomvi pale ambapo walielezwa tangu siku ya kwanza, na wakikataa kwa hasira pale ambapo kamati ilikumbuka mwishoni. Iandikwe, isomwe kwa sauti mbele ya fundi, naye asaini kila ukurasa.

Upande wangu ni vifaa. Watu wakisikia habari ya vifaa hufikiria wizi tu, na wizi upo, lakini hasara niliyoiona mara nyingi zaidi inatokana na ununuzi usiofuata ratiba ya kazi. Ununuzi sasa unapitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa umma kwa mtandao, na mchakato huchukua siku zake. Kamati ikiogopa kuchelewa, inanunua saruji yote mara moja. Saruji hiyo inarundikwa sakafuni katika chumba chenye unyevu, inakaa miezi mitatu au minne wakati fundi anasubiri mbao, na inapofunguliwa ina mabonge. Fundi huyavunja kwa koleo na kuendelea. Hapo mmenunua saruji halali, kwa risiti halali, na ukuta wenu hauna nguvu. Mkaguzi wa hesabu hataona kosa lolote. Gaweni ununuzi kwa awamu, wekeni mifuko juu ya mbao mbali na ukuta, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka.

Leja ya stoo ioneshe zaidi ya kilichoingia na kutoka. Kila mstari useme kifaa kimekwenda kwenye kazi gani: mifuko kumi na minne, jamvi la chumba cha pili, tarehe fulani. Kisha mwisho wa kila hatua linganisheni na BOQ. Ikiwa jamvi lilikadiriwa mifuko arobaini na limetumia ishirini na sita, kuna swali la kuuliza siku hiyo hiyo, wakati zege bado linaweza kupimwa. Kamati ya mapokezi nayo ipime kwa mikono yake. Bati geji 28 na geji 30 hutofautiana kwa unene, lakini si kwa macho, na bila shaka mojawapo ya bati zenu zilizonyanyuliwa itawaambia mengi mkiipima.

Mwalimu Mkuu Mstaafu

Mwanangu Mjumbe, hao wenzangu wamekujibu juu ya kujenga. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule za msingi kwa miaka mingi, na nitajibu swali lako la pili, kwa sababu ndilo ambalo viongozi hawaliulizi mpaka paa lishuke.

Katika shule moja niliyohamishiwa nilikuta darasa limefungwa kwa kuwa dari lilikuwa linaning'inia. Nilipouliza, kila mtu alisema jengo ni la zamani. Nikampandisha fundi juu. Alikuta msumari mmoja wa bati umeng'oka pamoja na kile kifuniko chake cha mpira, tundu dogo kuliko kidole. Maji yalikuwa yakidondoka hapo kila masika, yakaozesha mbao ya papi inayoshikilia bati, kisha kichwa cha kenchi, kisha mchwa wakaingia kwenye mbao iliyolowa. Ukarabati ule ulitugharimu fedha ya mihula miwili. Msumari ungeweza kurudishwa na mlinzi wa shule kwa ngazi ya kuazima. Tangu siku hiyo nilishika daftari la majengo, na nililikabidhi kwa maandishi kila nilipohama.

Daftari lenyewe halina ufundi. Kila jengo lina kurasa zake: lilijengwa lini, na nani, kwa fedha ipi, michoro iko wapi, funguo ni ngapi. Mara mbili kwa mwaka, Septemba au Oktoba kabla ya mvua na Juni baada ya mvua, tulizunguka mimi, mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu wa zamu na fundi mmoja. Tulianzia juu: misumari, mabati, mbao za pembeni. Tukashuka kwenye kuta, na kila ufa tulioukuta tuliuwekea alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na kuandika tarehe, ili ziara ijayo tujue kama umetulia au unatembea. Kisha bawaba, vitasa, vioo, sakafu, na mwisho maji ya mvua yanakwenda wapi. Vyoo tulivikagua kila wiki, wala havikungoja ziara.

Kuhusu fedha, ninajua uchungu wake. Kwetu shule za msingi ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake haifiki shuleni kwa kuwa hununuliwa vitabu huko juu. Kinachofika ni kidogo, lakini sehemu yake ni ya ukarabati, na kosa letu wengi ni kuiacha inywe karatasi na nauli. Mimi nilipeleka kwenye kikao cha Oktoba orodha iliyotoka katika daftari, yenye bei za dukani, na kikao kiliipitisha kabla ya matumizi mengine. Wazazi nao hutoa nguvu zao kwa moyo zaidi wanapooneshwa ufa wenye tarehe kuliko wanapoambiwa kwamba shule ina hali mbaya.

Mjumbe wa Bodi, Simiyu

Shikamoo Mama, na ahsanteni nyote. Jana nilikwenda na Mkuu wa Shule tukaweka alama za penseli kwenye nyufa zote kumi na moja, tukaandika tarehe. Tumeona pia jambo ambalo tulikuwa tunalipita kila siku: maji ya paa yanadondoka mguuni mwa ukuta ule ule wenye nyufa, na pembeni yake kuna mikaratusi miwili tuliyoipanda kwa kivuli. Mhandisi, je, miti hiyo inahusika? Na tukiwa na fedha kidogo sana kwa majengo haya ya zamani kabla ya mvua za Novemba, tuanze na lipi?

Mhandisi wa Majengo

Inahusika. Mkaratusi hunyonya maji mengi, na kwenye udongo wa mbuga huikausha ardhi upande mmoja wa jengo wakati upande mwingine umelowa. Iondoeni, na mingine ipandwe mbali na ukuta kwa umbali usiopungua kimo ambacho mti utafikia ukikomaa.

Fedha ya kwanza iende kwenye maji, na nyufa zisubiri. Zungushieni jengo sakafu ya nje yenye upana wa mita moja, ikiinama kutoka ukutani, kisha chimbeni mtaro unaopeleka maji ya paa mbali na jengo. Bati zirudishwe zikiwa zimefungwa vizuri kwenye papi. Nyufa msizizibe kwa saruji mwaka huu, kwa maana mtaficha kile mnachotaka kukipima. Zisomeni Juni mwakani, na zile ambazo hazijavuka alama zenu ndizo za kuziba. Endapo kuna ufa ambao kidole kinaingia, au mlango uliokuwa unafunga sasa unakwama, watoeni wanafunzi katika chumba hicho sasa na mwiteni mhandisi wa halmashauri kwa barua.

Mjumbe wa Bodi, Simiyu

Mlango wa chumba cha tatu unakwama tangu Agosti. Ninaandika barua hiyo leo, na Jumatatu wanafunzi wa chumba hicho watahamia maabara.