Kazualti ya kaunti Lamu au praiveti hapa Malindi, nisaidieni

Binti_Shella
Asalaam aleikum wanajukwaa. Mimi ni nesi nimesajiliwa na nimepata kazi mbili kwa mpigo, zote za kazualti, yaani idara ya dharura, moja hospitali ya kaunti kule Lamu nyengine ya praiveti hapa Malindi. Wote wawili wanataka jibu kabla ya Ijumaa na nyumbani kila mtu ana lake, mama asema hivi, mume asema vile. Nyinyi mliofanya kazualti mungechagua wapi? Nipeni ukweli bila kunizungusha.

Kifutu_wa_Ganda
Waaleikum salaam. Dada umeuliza swali nusu. Diploma ama digrii? Kandarasi ama pamanenti? Hela ngapi kila upande? Na hiyo Shella ni hii yetu ya Malindi ama Shela ya Lamu, maana kama ushakaa kule tayari hapa twapoteza bando bure.

sista_nait
Na huko praiveti mko manesi wangapi kwa zamu? Kuna pahali wanaita kazualti kumbe ni chumba na vitanda viwili, usiku uko peke yako na daktari yuko kwake anangoja kupigiwa simu. Kabla hujasaini chochote enda utembee, uliza mashine ya kustua moyo iko wapi, saksheni yafanya kazi, oksijeni ni ya bomba au ya silinda. Ukiona wanaangaliana hapo ushajibiwa.

Nahodha_Mkomani
Njoo Lamu mwanangu, usisikize watu wa mabara. King Fahd ni hospitali kubwa ya kaunti nzima, utaona kila kitu, pumu, presha, wazee wa stroki, mtoto amemeza sarafu, mvuvi amechomwa mwiba na samaki taa, mama mjamzito ameletwa na boti kutoka visiwani akiwa amechelewa. Ajali za gari hazituhusu sana huku mjini, anayekupiga teke ni punda. Na ukitoka kazini wafika nyumbani kwa miguu.

KijanaWaWatamu
@Nahodha_Mkomani umemaliza kuuza, sasa mwambie na ya rifero. Kesi ya kichwa inayotaka daktari wa ubongo yakaa hapo King Fahd? Haikai. Ni boti mpaka Mokowe, halafu ambulensi zaidi ya kilomita 200 mpaka Malindi na Mombasa bado iko mbele. Na anayepanda na mgonjwa ni nani? Ni nesi. Silinda ndogo ya oksijeni, saizi ya E, ikijaa ina kama lita 680, ukimpa mgonjwa lita 10 kwa dakika unamaliza ndani ya saa moja na dakika chache, sasa piga hesabu utabeba ngapi na uombe isiwe kusi imechafuka.

Nahodha_Mkomani
Kusi haivumi mwaka mzima yakhe. Na barabara ya Garsen sasa ni lami.

Binti_Shella
Shukran kwa majibu. Shella ya Malindi. Nina diploma ya uuguzi wa afya ya jamii, KRCHN. Lamu ni kandarasi ya miaka mitatu, praiveti ni pamanenti lakini probesheni miezi sita. Kwa zamu sijui, nitauliza. Nina mtoto mdogo.

Kifutu_wa_Ganda
Hela dada. HELA. Umeruka tena.

MamaTriaji
Naomba niandike kwa urefu kidogo maana hili la praiveti limenichoma. Nimefanya hospitali moja ya praiveti hapa pwani, jina naliacha. Usiku mmoja analetwa kijana wa bodaboda amegongana na tuktuk, hakuwa na helmeti, amebebwa na wenzake, anakoroma. Nikamweka kola ya shingo, nikasafisha njia ya hewa, oksijeni, nikatia kanula mbili kubwa, nikahesabu GCS, kipimo cha fahamu cha 3 mpaka 15, nikapata 9, na mboni ya jicho moja tayari ni kubwa kuliko nyengine, yaani kwa wasiojua, kichwa ndani kinafura na saa inakimbia. Nampigia daktari, njiani anakuja. Mara keshia anakuja na daftari, dipoziti iko wapi. Namwambia mgonjwa hata jina lake sijalijua bado, yeye anasema maagizo ni maagizo, bila risiti duka la dawa halifunguliwi. Namuuliza nimtibu na nini, na maneno? Wale vijana wa boda ndio waliochanga pale pale nje kwa simu, huyu mia mbili, huyu mia tano, soja wa getini naye akatoa, mpaka ikafika kiasi cha kufungua faili. Wakati huo GCS imeshuka 7 na hapo ni mrija wa kupumulia, si mjadala. Alipelekwa Mombasa akiwa hai, baada ya hapo sikupata habari zake na bado nawaza. Sasa sikizeni mwisho wake. Baada ya mshahara kuingia naona pungufu, kuuliza naambiwa ni vifaa nilivyotumia kabla ya risiti, na barua ya onyo juu yake. Mimi! Na Katiba ya 2010 kifungu cha 43(2) imesema wazi mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Niliiprinti nikaipeleka ofisini, wakaniambia wewe ni nesi au wakili. Niliacha. Kwa hivyo dada, kabla ya kuuliza mshahara uliza hivi, mgonjwa mahututi asiye na pesa akiingia mlangoni mimi nafanya nini. Na jibu waliandike.

sista_nait
Subhanallah. Kukatwa mshahara kwa kuokoa mtu.

mhasibu_pwani
Pole sana MamaTriaji, lakini tusifanye praiveti zote shetani. Mimi niko upande wa hesabu. Glavu, dripu na oksijeni zanunuliwa kwa pesa taslimu, madai ya SHA, bima ya afya ya serikali, yanakaa, na kuna wagonjwa wanahepa usiku na dripu mkononi. Nani alipe? Hiyo Katiba haijasema nani alipe.

MamaTriaji
Mfuko wa dharura na magonjwa sugu uliwekwa na sheria hiyo hiyo ya SHA kwa kazi gani? Dai huko. Usidai kwa payslipu ya nesi.

mhasibu_pwani
Sheria kuwepo na pesa kufika ni vitu viwili mama.

Kifutu_wa_Ganda
Hapo mhasibu hajakosea na inauma kukubali. Lakini turudi kwa dada. Kandarasi ya kaunti nayo usiipende sana, waulize wale wa UHC, mpango wa afya kwa wote, walioajiriwa 2020, walilala mabarabarani Nairobi wakidai pamanenti. Tangu afya iende kaunti 2013 kila gavana na lake. Na 2017 tuligoma kuanzia Juni mpaka Novemba, wewe wa kandarasi ukigoma nani atakulinda? Na kwa diploma ukiajiriwa pamanenti serikalini unaingia jobu grupu H, lakini kwa kandarasi soma barua vizuri, kuna zile wanakupa namba moja jumla bila alawansi hata moja. Halafu utoe SHA 2.75%, nyumba 1.5%, NSSF, ndiyo ujue kinachobaki.

RiyadhInshallah
Mimi nasema zote mbili ni za kupita. Chukua yoyote, fanya miaka miwili ya kazualti usiache hata siku, maana mawakala wengi wanataka hiyo ekspiriensi, fanya BLS na ACLS, kozi za kuokoa moyo uliosimama (kadi zadumu miaka miwili tu kwa hivyo usikimbilie mapema), peleka vyeti DataFlow vihakikiwe, kaa mtihani wa Prometric, panda ndege.

sista_nait
Na akiwa na mtoto mdogo umemwachia nani? Kila swali hapa jibu lenu ni Saudia.

RiyadhInshallah
Basi Uingereza, mkataba na Kenya upo tangu 2021.

sista_nait
IELTS ya Kiingereza 7, kuandika 6.5, kisha CBT mtihani wa kompyuta, kisha OSCE wa vitendo. Watu wanaongea kana kwamba ni feri ya Likoni.

KijanaWaWatamu
Mimi naona kitu kimoja hakijasemwa. Kazualti inayofanya triaji, yaani kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali, kwa rangi na isiyofanya ni kazi mbili tofauti. Nyekundu anaonwa hapo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa moja, kijani anaweza kungoja mpaka masaa manne. Bila hivyo anayepiga kelele zaidi ndiye anayeonwa kwanza na wewe nesi ndiye unayetukanwa na foleni nzima. Mimi ningeenda pale penye rangi, iwe Lamu iwe wapi.

Nahodha_Mkomani
Tukiwa hapo, huyo mvuvi wa taa ni rangi gani? Sisi tunamkojolea tu na anapona.

MamaTriaji
Astaghfirullah, achani mambo hayo! Maji ya moto. Tia mguu kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia bila kuungua, nyuzi kama 45 hivi, na wewe uyapime kwanza kwa mkono wako kwa sababu mguu wake umejaa maumivu hatajua akiungua. Nusu saa mpaka saa moja na nusu. Sumu ya taa haipendi joto, maumivu yanashuka. Kisha aje hospitali atazamwe kama mwiba umekatikia ndani, na sindano ya pepopunda. Akichomwa kifuani au tumboni hakuna kungoja maji, ni nyekundu.

Nahodha_Mkomani
Babu yangu alikojolewa mara nyingi na aliishi miaka mingi.

Kifutu_wa_Ganda
😂😂 Na nyoka je, mnamfunga kamba bado?

MamaTriaji
Usiniambie. Wanaletwa mguu umeshaanza kuwa mweusi kwa ajili ya kamba, si kwa ajili ya kifutu. Usifunge, usichanje, mlaze atulie mguu usitikisike, mlete.

Binti_Shella
Jamani nimesoma yote, MamaTriaji pole sana, umenitisha kweli. Praiveti nimeenda leo, usiku ni manesi wawili, la dipoziti nimeuliza wakasema "tutaongea ukiingia". Hela sitaji hapa maana kuna shemeji yangu humu ndani, ila hazipishani sana. Halafu nilisahau, mume wangu yuko bandarini Kililana mwaka wa pili sasa.

Kifutu_wa_Ganda
ATI NINI. Mume yuko Lamu na umetuzungusha siku zote hizi??

sista_nait
😂😂 Mtoto ana baba yake ng'ambo ya maji pale na sisi tunahesabu silinda za oksijeni.

Binti_Shella
Yeye ndiye anasema nisiende, kandarasi yake yaisha na anataka kurudi Malindi. Mama ndiye anataka niende.

Nahodha_Mkomani
Mama ana akili. Nyumba Langoni ipo, vyumba viwili, maji hayakatiki sana. Nipigie inboksi.

mhasibu_pwani
Dipoziti miezi mingapi?

Nahodha_Mkomani
Miwili.

MamaTriaji
Hata huko!