Waliofunga sabufa kwenye gari, tupeane uzoefu: besi nzito mliipataje?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa wale waliokwisha kubadilisha mziki wa gari kwa ajili ya besi. Aliyefunga aeleze ana gari gani, alifunga nini, kipi kilileta tofauti na kipi kilikula hela bure. Inaniuma kuona mtu anaingia Kariakoo na hela zake, anauziwa sabufa ya inchi 12 iliyoandikwa wati 1800 na amplifaya ya wati 3000, anafungiwa harakaharaka pembeni ya barabara, halafu anachoambulia ni pleti namba inayogonga na mwimbaji asiyesikika. Besi nzuri inaanzia kwenye umeme, boksi na ufungaji. Sabufa yenyewe inafuata baadaye.

Naanza mimi. Nina IST. Kama gari nyingi zinazotoka Japani, ilikuja na redio ya kwao, menyu zote za Kijapani, FM inaanzia 76 inaishia 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Redio ilikuwa ya kutolewa tu hata bila habari ya besi. Wakati wa kuchagua mpya niliangalia mgongoni kwanza: nilitaka yenye matundu ya RCA, yale ya kuchomeka waya za kupeleka mziki kwenye amplifaya, hasa lile la sabufa ambalo sauti yake unaipandisha na kuishusha peke yake.

Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye katoni achaneni nazo. Tafuteni RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaimudu muda wote kikiwa kazini. Muuzaji akikosa karatasi yake, angalia fyuzi zilizochomekwa ubavuni mwa amplifaya. Mimi niliwekewa mezani amplifaya ya "wati 3000" yenye fyuzi moja ya ampea 30. Zidisha 30 kwa volti 14, unapata wati 420, na hizo ndizo inazokula. Zinazotoka ni pungufu ya hapo, kwa sababu nyingine zinaishia kuwa joto.

Nikachukua sabufa moja ya inchi 12, RMS 300, na amplifaya ya chaneli moja, daraja D (aina inayopoteza umeme kidogo kwa joto), inayotoa 300 hizohizo. Jamaa niliyekwenda naye aling'ang'ania nichukue ya 600. Ukweli ni kwamba kuongeza nguvu mara mbili kunakupa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio halisemi mziki umekuwa mkubwa mara mbili mpaka zifike kama desibeli 10. Tofauti ya bei nikaipeleka kwenye waya na boksi. Kichujio cha amplifaya kipo Hz 80, yaani sabufa inapokea sauti nzito za chini ya hapo tu, na kwenye redio nimezikata spika za milangoni zisipokee chochote cha chini ya hapo. Spika hizo zikiondolewa mzigo wa besi, sauti ya mwimbaji inatoka safi kabisa.

Karibuni.

Mdau, Mwanza

Mkuu umegusa penyewe. Nina Noah, na kwangu kilicholeta mabadiliko ni boksi. Nililouziwa mwanzo lilikuwa la mbao nyembamba, ukilikandamiza ubavuni kwa kiganja linabonyea. Boksi linalobonyea linakula besi.

Nilikwenda kwa seremala na vipimo vyangu. MDF, yale mbao ya unga wa mbao ulioshindiliwa, ya milimita 18, na kwa ndani sentimita 50 kwa 35 kwa 20. Zidisha, gawanya kwa 1000, ni lita 35, na ukitoa nafasi inayoliwa na sabufa yenyewe unabaki na ujazo unaofaa inchi 12 nyingi za boksi lisilo na tundu. Karatasi ya sabufa yako ndiyo yenye neno la mwisho. Kila kiungo kilipakwa gundi ya mbao na kupigwa skrubu, kisha kona zote za ndani zikapitishwa silikoni, ikaachwa ikauke mpaka harufu iishe. Kabla ya kuvalisha kapeti nilipiga wimbo wenye besi nikapitisha mkono uliolowa maji kwenye viungo taratibu. Upepo ukipenya mahali unausikia pale pale kwenye ngozi. Kona moja ilikuwa inavuja, tukaiziba.

Kuhusu tundu: boksi lenye tundu linapiga kwa nguvu zaidi kwa wati zilezile, lakini ni kubwa, na urefu wa bomba lake ukikosewa linavuma noti moja kwa kila wimbo. Mimi ni mtu wa rumba na taarabu, gitaa la besi nalitaka noti kwa noti, kwa hiyo nimefunga lisilo na tundu na sijutii. Wenzangu wa singeli na amapiano wanaotaka ule mvumo wa chini kabisa, tundu linawafaa, ila wampate fundi anayepiga hesabu.

Fundi umeme wa magari, Arusha

Naomba niongezee kwa upande wa kazi yangu. Magari mengi yanayoletwa kwangu kwa maelezo ya "sabufa imekufa", sabufa ni nzima kabisa. Njaa ya umeme ndiyo inayoitesa.

Mfano wa karibuni ni Premio iliyofungwa kwingine. Besi ikigonga, taa za dashibodi zinafifia na amplifaya inajizima. Nikaweka mita: betrini volti 13.9 injini ikiunguruma, kwenye amplifaya volti 11.2. Volti zaidi ya mbili na nusu zimepotelea njiani! Kwa kazi iliyofungwa vizuri nataka tofauti isizidi nusu volti. Waya wa hasi ulikuwa umebanwa kwenye boliti ya siti, juu ya rangi. Nikatafuta bati la bodi karibu na amplifaya, nikakwangua rangi mpaka bati likang'aa, nikafunga kwa kiatu cha waya na boliti, juu nikapaka grisi kuzuia kutu.

Waya wa chanya nao. Ulikuwa mnene kwa nje, lakini nilipouchuna nikaukwangua kwa wembe, chini ya rangi ya shaba kukatokea weupe. Hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme chini kidogo ya theluthi mbili ya shaba halisi ya unene uleule, na sokoni imejaa. Kwa wati 300 hadi 500 za RMS napendelea waya namba 4 wa shaba tupu, kama milimita za mraba 21. Ukibaki na aluminiamu, panda unene.

Fyuzi kubwa ikae karibu na betri, isivuke sentimita 45. Wengi wanaiweka kwenye amplifaya kule nyuma. Waya ukikatwa na bati katikati ya safari, fyuzi ya nyuma haioni kitu na gari inawaka moto. Pale waya unapopenya kutoka kwenye injini kuingia ndani, lazima kuwe na mpira.

Mdau, Nairobi

Sasa wadau. Huku kwetu matatu bila mziki inakosa abiria, hasa vijana, kwa hivyo hii maneno tunaijua. Nataka kusema kitu ambacho wenye gari ndogo hawakutani nacho. Isuzu NQR ni ya volti 24, betri mbili za 12 zimeunganishwa kwa mfululizo, na amplifaya za gari ni za volti 12. Mafundi wengine wanachukua umeme kwenye betri moja pekee. Ngoma italia sawasawa, lakini hiyo betri inanyonywa kila siku na ile nyingine inapewa chaji kupita kiasi. Zote mbili zinakufa mapema, halafu mwenye gari analaumu betri.

Yetu tulirekebisha kwa kuweka kifaa cha kusawazisha betri, ambacho kinahamisha chaji hadi zote mbili zilingane. Kibadilishi cha 24 kwenda 12 pia kinafanya kazi, bora ampea zake zitoshe amplifaya zote kwa pamoja. Vile vidogo vya kuchajia simu visahau.

Na makondakta na madereva, tafadhali chungeni masikio. Kiwango cha usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Desibeli 100 ni dakika 15. Abiria anashuka, wewe uko ndani kuanzia alfajiri hadi usiku.

Mdau, Dodoma

Mimi ni dada mwenye Passo, na sikutaka boksi lijaze buti kwa sababu nabeba bidhaa. Nilikuwa tayari nimetenga hela ya sabufa bapa ya kukaa chini ya siti, lakini kaka yangu akaniambia tukague spika kwanza. Waliobadilisha spika za mbele walikuwa wamegeuza waya wa mlango mmoja. Spika moja ikisukuma nje nyingine inavuta ndani, na besi zinauana katikati.

Namna ya kupima ni rahisi: chukua betri ndogo ya saa ya ukutani, gusisha chanya kwenye chanya ya spika na hasi kwenye hasi, mguso wa mara moja tu. Koni ikiruka kuja nje, alama ni sahihi. Ya kulia iliruka nje, ya kushoto ikazama ndani. Tulipogeuza waya, besi ilirudi hata kabla ya kununua chochote. Baadaye tuliziba matundu ya bati la mlango kwa shiti za kuzuia mtikisiko na kuweka pete ya MDF nyuma ya spika. Sabufa ya chini ya siti niliinunua mwishowe, lakini sauti yake naiweka chini sana.

Mwanzisha mada

Dada asante, hiyo ya betri ya saa kila mtu aijaribu leo kabla ya kutoa senti. Fundi wa Arusha, wengi wananiuliza pembeni kuhusu betri ya pili. Inasaidia?

Fundi umeme wa magari, Arusha

Inasaidia ukipiga mziki injini ikiwa imezimwa, ufukweni au shereheni. Injini ikiwaka, mlishaji ni altaneta, ile inayozungushwa na injini kuzalisha umeme. Wati 300 kwenye amplifaya ya daraja D ni kama ampea 27 mziki ukiwa umekazwa, gari ndogo nyingi zinabeba. Ukifika 1000 ni kama ampea 90, hapo utafute altaneta kubwa kwanza.

Mdau, Muscat

Salaam kutoka Oman. Kwa jua la huku, shiti za lami za kuzuia mtikisiko zinalainika na kuteleza ndani ya mlango. Tumieni za butili, aina ya mpira. Amplifaya yangu ilikuwa imefungwa kwa skrubu juu ya boksi la sabufa, ndani ya buti, ikawa inajizima kila alasiri. Niliihamishia chini ya siti ya abiria, mahali hewa ya kiyoyozi inapofika, na haijazima tena.

Mdau, Morogoro

Wakuu, mimi nina Premio, waya shaba, boksi zuri, volti ziko sawa, ila besi inasikika zaidi nje kuliko ndani. Nifanyeje?

Fundi umeme wa magari, Arusha

Gari zenye buti lililojitenga ndivyo zilivyo. Geuza boksi sabufa itazame nyuma, lisogeze karibu na mkia wa buti ukiacha upenyo wa kiganja. Laza upande mmoja wa siti ya nyuma usikilize tofauti. Kisha mtu akae kwenye usukani, wewe ubadilishe kitufe cha fezi kwenye amplifaya (kinachogeuza mwelekeo wa koni, kusukuma au kuvuta), 0 kisha 180, wimbo uleule, sauti ileile. Bakini na ile ambayo aliyekaa kwenye usukani anasema besi imejaa mbele.