Ripoti ya praktiko ya pendulamu (gololi inayobembea kwenye uzi): g (mchapuko wa mvutano wa dunia, m/s²) imetoka 9.65, sababu za makosa niandikeje?

mwaka_wa_kwanza:
Wakuu habari zenu, naomba mnipitishie ripoti kabla sijakabidhi kesho kutwa. Tulipima muda wa mibembeo 20 kwa urefu wa sm 20 mpaka sm 100, nikachora grafu ya T² (muda wa mbembeo mmoja, kipeo cha pili) na L (urefu, kwa mita), mstari nikaupitisha kwenye sifuri maana fomula ndo inasema hivyo, slopu (mwinamo wa mstari) ikatoka 4.09 na g, yaani 4π² kugawa slopu, = 9.6503127. Kitabu kina 9.81. Kwenye sababu za tofauti nimeweka "makosa ya kibinadamu na upepo", inatosha? Hitimisho nimesema jaribio limefanikiwa.

fundi_vipimo:
Dogo hiyo "makosa ya kibinadamu" futa, haimwambii msahihishaji kitu. Taja kosa gani, linavuta jibu upande upi, kwa kiasi gani. Mfano kuchelewa kubonyeza saa tuseme sek 0.2, ukigawa kwa mibembeo 20 inabaki 0.01 kwa mbembeo mmoja, hapo umesema kitu. Na desimali saba zote hizo za nini wakati rula inasoma milimita? 9.65 basi. Halafu urefu ulipima kutoka wapi mpaka wapi?

mwaka_wa_kwanza:
Kwenye stendi mpaka pale uzi ulipofungwa kwenye gololi mkuu. Gololi ina kipenyo kama sm 2

fundi_vipimo:
Ndo hapo sasa!! L inatakiwa ifike katikati ya gololi, kwahiyo vipimo vyako vyote vina upungufu wa sm 1. Upungufu wa namna hiyo haugusi slopu kabisa, unapandisha tu mstari mzima juu kidogo, ila wewe umeulazimisha upite sifuri ndo slopu ikapanda na g ikashuka. Chora upya, uache mstari ufuate nukta zenyewe, uone unakata wapi mhimili wa T². Hiyo namba ukiigawa kwa slopu unapata urefu uliokosekana, na hicho ndo cha kuandika kwenye sababu za makosa.

dada_maabara:
Naongezea hapo, 9.81 ni ya London huko, Dar usawa wa bahari ni 9.78 kwahiyo linganisha na ya mahali ulipo. Na tafadhali sana usije ukapika data ili ifike kwenye jibu, namba za daftarini zibaki kama zilivyo hata ile iliyokaa vibaya, ieleze tu. Jedwali yuniti zikae kwenye kichwa cha kila safu. Hitimisho weka g pamoja na eror yake (kiasi inachoweza kupishana, ±), "limefanikiwa" toa.

mwaka_wa_kwanza:
Nimechora tena, umekata kwenye 0.04 na slopu 4.04, g 9.77! Sasa hiyo 0.04 inakaa kwenye matokeo au majadiliano?

fundi_vipimo:
Namba yenyewe kwenye matokeo, hesabu ya 0.04 kugawa 4.04 kupata mita 0.01, yaani sm 1, na habari ya gololi peleka kwenye majadiliano.