Tupeane uzoefu: kabla ya kumpeleka mtoto enterna (shule ya bweni), ulijuaje wanafunzi wenyewe wana tabia gani?

MamaKatindo: Wandugu, jambo yenu. Binti yangu anamaliza la sita, baba yake anataka enterna upande wa Bukavu. Tulikwenda kutembelea moja. Prefe, mkuu wa shule, akatuonyesha kapela, vitanda vipya, asilimia za Egzeta (mtihani wa serikali) mwaka kwa mwaka. Safi kabisa. Lakini kwenye korido nilisalimia watoto wa la saba, na wote wakamtazama kwanza msichana mmoja mkubwa kabla ya kuitikia. Mume wangu hakuona kitu. Mimi tangu siku ile silali vizuri. Ninyi mliangalia nini?

Muzee_Panzi: Mama, hiyo ya kumtazama mkubwa kwanza imenigusa penyewe. Nilipelekwa enterna moja ya vilimani nikiwa bado mdogo. Jumamosi ya kwanza usiku, mableu wote, yaani wanafunzi wapya, tukafunguliwa kesi. Mafinalisti, wale wa mwaka wa mwisho, wamekaa juu ya vitanda kama mahakimu, sisi magoti chini. Kosa langu: nimeingiza maziwa ya unga bila kulipa "duane", ushuru wao. Hukumu: niwafulie mashati meupe mpaka Noeli. Nikakataa, nilikuwa na kichwa kigumu. Wakamwaga nguo zangu zote toka kwenye sanduku la bati, wakanikunja ndani, wakapiga kadena, kufuli. Mle ndani ni pumzi yako na harufu ya sabuni, basi. Msimamizi akapita na tochi, akauliza, "Humo kuna nini?" Mmoja akamjibu, "Panya, muzee." Akacheka! Nilimsikia akicheka, kisha viatu vyake vikaenda zake. Na baba yangu alikuwa amesifu vigae vya lile bweni.

chantou_bk: Yesu wangu. Nani alikufungua???

FilsKadutu: Kwetu vile vile, ila ilikuwa ndoo ya maji ya baridi saa tisa usiku.

ProfMstaafu: Mnatia chumvi. Ukali ule ndio uliotufanya watu. Sisi wa Alfajiri, koleji ya Bukavu, kwa Wajezuiti, tangu bado inaitwa Notre-Dame de la Victoire...

FilsKadutu: Haya, ameanza. Hakuna mazungumzo yanayopita mtandaoni bila mtu wa Alfajiri kutukumbusha alisoma wapi.

ProfMstaafu: Ni wivu. Na wewe hujui nidhamu ni nini.

Muzee_Panzi: Nidhamu ni ya msimamizi, Prof. Ile ilikuwa serikali ya watoto.

chantou_bk: Muzee, sanduku!! Nani alifungua?

DadaHimbi: Na mimi niseme upande mwingine, maana mtawatisha wazazi. Nilikuwa enterna hapa Goma mlima wa moto Nyiragongo ulipolipuka, Jumamosi ile ya tarehe 22 Mei 2021. Anga jekundu, umeme hakuna, mji mzima unakimbia, wengine mpakani Gisenyi, wengine barabara ya Sake. Kabla sista hajamaliza kuvaa viatu, wasichana wa mwaka wa mwisho walikuwa wameshika kila mmoja wadogo wawili mikononi. Hakuna aliyewapangia. Ndivyo tulivyoishi kila siku: mkubwa ana wadogo wake, anawachana nywele, anawasahihishia hesabu. Yule aliyenishika mimi bado namwita yaya, dada mkubwa, mpaka leo.

MamaKatindo: Dada, hilo ndilo nalitafuta. Sasa mgeni analionaje?

DadaHimbi: Nenda saa ya chakula. Angalia nani anapakuliwa kwanza na sahani ya mdogo ina nini. Vungule (mahindi na maharage) ikiwa ni maji matupu kwa wadogo na maharage yote yako kwa wakubwa, panda boti urudi kwako Goma.

BaKoko: Usiende siku ya vizite, wazazi wanapotembelea, siku ile hata mwizi ameoga. Nenda Jumatano mchana, simama penye bomba. Ukiona katoto kamoja kana ndoo tatu, umeshaelewa.

chantou_bk: Mi naona siku ya vizite njo nzuri, wazazi wengine bako pale, utawauliza.

BaKoko: Wazazi wanajua nini? Uliza mama anayeuza mikate langoni. Ndiye anayejua nani ananunua na nani ananyang'anywa.

FilsKadutu: Hesabu makadena. Yakiwa mengi, wezi wako.

ProfMstaafu: Kwetu hayakuwepo hata moja.

FilsKadutu: Yaliibwa?

Muzee_Panzi: 😂 Hapo Prof ametulia. Chantou, alinifungua mwenzangu bleu, alfajiri (Prof, ile ya herufi ndogo). Alikaa macho mpaka mwenye ufunguo akalala, akautoa shingoni mwake. Alipigwa kwa ajili hiyo wiki nzima. Ni rafiki yangu, yuko Uvira.

chantou_bk: Nimelia hapa kazini.

ProfMstaafu: Huyo bleu ni mtu. Hilo nakubali.

MamaKatindo: Aksanti wote. Jumatano nitarudi bila kumwarifu prefe, nianzie langoni kwa mama wa mikate. Baba yake anasema mimi ni mpelelezi, aseme tu.

BaKoko: Nunua mikate kwanza, ndipo uulize.

NeemaNgangi: Nimechelewa kuingia. Minervale (ada ya shule) ni dola ngapi pale, na godoro ni lao au unakuja na lako?